CHUMBA CHA KUPANGISHA: JINSI YA KUANZA

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Muheza na wilaya za jirani

Sogeeni karibu na redio. Kila mmoja awe na daftari na kalamu, maana leo tuna hesabu. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: pango, mpangaji, matengenezo, hati. Tutakutana nayo mara nyingi.

Somo letu la leo ni juu ya nyumba ya kupangisha. Hapa Muheza watu wengi wenye akiba, ya machungwa, ya duka au ya kiinua mgongo, huwaza hivi: "Nijenge vyumba, nipangishe, nile pango uzeeni." Ni wazo jema. Lakini wapo watu waliotia akiba ya maisha yao katika wazo hilo, na leo wamebaki na kuta bila paa, au na kesi ya kiwanja isiyokwisha. Hawakuwa wavivu wala wajinga. Walianza na matofali kabla ya kuanza na maswali.

Basi sisi tuanze na maswali. Yako matano. Nani atapanga? Kiwanja ni cha nani? Hesabu inasemaje? Tuanze na vyumba vingapi? Na tutakaaje na mpangaji?

Kwanza tuelewane maana ya neno. Pango ni fedha anayolipa mtu kwa kutumia nyumba ya mwenziwe. Mwenye nyumba hauzi nyumba. Anauza matumizi yake, mwezi baada ya mwezi, na nyumba inabaki kuwa yake. Kwa hiyo faida yake huja polepole, lakini yaweza kuja kwa miaka mingi. Anayetaka fedha ya haraka yafaa atafute biashara nyingine.

KAZI HII SI NGENI KWETU

Tazameni nyumba ya Kiswahili. Mbele ina baraza. Katikati kuna ukumbi. Kila upande wa ukumbi kuna vyumba vitatu, na nyuma ni uani penye jiko, choo na bafu. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na jamaa zake, na vilivyosalia huvipangisha. Nyumba za namna hii ziko nyingi Ngamiani, mjini Tanga, katika zile barabara zenye namba. Wenye nyumba hizo hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa kawaida, wanawake wakiwamo, waliogeuza nafasi iliyozidi kuwa riziki.

Baadaye kupangisha kulitazamwa kwa jicho jingine. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema kiongozi wa TANU au wa Serikali asiwe na nyumba ya kupangisha. Mwezi wa Aprili 1971 ikapitishwa Sheria ya Kutwaa Majengo. Majengo ya kupangisha yenye thamani ya kuzidi Sh. 100,000/- yalitwaliwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 kazi ya Msajili iliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa, ambalo lilianzishwa mwaka 1962. Mwaka 1991, huko Zanzibar, chama kililegeza masharti yale ya viongozi.

Leo kupangisha ni kazi halali. Hata hivyo sababu ya sheria zile tusiisahau. Watu waliona kwamba mwenye nyumba anaweza kumnyonya asiye na nyumba. Neno hilo tutalirudia tutakapofika kwa mpangaji.

SWALI LA KWANZA: NANI ATAPANGA?

Watu hupanga nyumba mahali ambapo kazi imewaleta. Reli kutoka Tanga ilifika Muheza mwaka 1896. Palipo kituo, watu walishuka; waliposhuka, walihitaji mahali pa kulala. Kisha mashamba ya mkonge yakaleta watu wengi zaidi. Katika miaka ya 1960 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge kwa mwaka. Lakini bei ya mkonge ilianguka duniani, na kufikia miaka ya 1990 mavuno hayakufika hata robo ya hayo. Mjini Tanga nako viwanda kadhaa vilifungwa. Kazi inapoondoka, mpangaji huondoka nayo. Nyumba haiwezi kumfuata.

Kwa hiyo jiulizeni: kazi gani hapa kwetu itakuwapo bado baada ya miaka kumi? Muheza kuna Hospitali Teule, na wauguzi na wahudumu wake wanahitaji vyumba. Kuna walimu wa shule. Kuna watumishi wa Halmashauri. Kuna wachuuzi wa sokoni na watu wa magari katika barabara ya Tanga na Segera. Hawa ndio wapangaji wa kudumu.

Wako na wapangaji wa mradi. Mathalan, bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, Tanga, na urefu wake ni kilomita 1,443. Kazi ya namna hii huleta watu wengi wakati wa kujenga. Ikiisha kujengwa huhitaji watu wachache. Si vibaya kumpangisha mfanyakazi wa mradi. Vibaya ni kujenga vyumba kumi kwa kumtegemea yeye tu.

Kabla ya kuchimba msingi, fanyeni uchunguzi usiogharimu hata senti. Tembea jioni tatu katika mtaa unaotaka kujenga. Uliza vyumba vinapangishwa kwa bei gani. Uliza vingapi ni vitupu, na vimekaa vitupu kwa muda gani. Uliza wapangaji wanataka nini: maji karibu, umeme, choo cha ndani, au bei ndogo tu. Ukikuta vyumba vya jirani vimefungwa miezi mitano bila mtu, hilo ndilo jibu lako kwa mtaa huo.

SWALI LA PILI: KIWANJA NI CHA NANI?

Katika Tanzania ardhi yote ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mtu hupata haki ya kuitumia. Mjini, haki hiyo huandikwa katika hati miliki, kwa muda usiozidi miaka 99. Kijijini, halmashauri ya kijiji hutoa hati ya hakimiliki ya kimila. Hizi ndizo sheria mbili za mwaka 1999: Sheria ya Ardhi, namba 4, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, namba 5.

Kama unanunua kiwanja, fuata hatua hizi.

1. Nenda ukaone kiwanja mchana, pamoja na majirani wa pande zote. Waulize mpaka uko wapi. Jirani anayenyamaza leo anaweza kuwa mdai kesho.

2. Omba kuona hati. Soma jina lililoandikwa, ulilinganishe na kitambulisho cha muuzaji. Hapa ndipo kujua kusoma kunapolipa ada yake yote kwa siku moja.

3. Nenda ofisi ya ardhi ya Halmashauri. Uliza kama kiwanja kimepimwa, kimesajiliwa kwa jina la nani, na kama kimewekwa rehani.

4. Kama ni ardhi ya kijiji, muhuri wa mwenyekiti peke yake hautoshi. Mauziano yaidhinishwe na halmashauri ya kijiji. Yasipoidhinishwa yanaweza kuvunjwa mahakamani, hata kama ulilipa fedha yote.

5. Kama muuzaji ana mke au mume, na mahali pale ni nyumba yao ya ndoa, mwenzi huyo lazima akubali. Ndivyo isemavyo Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kama ni mali ya urithi, tafuta msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama. Usilipe mtoto mmoja kati ya watano.

6. Andikeni mapatano. Mauziano ya ardhi kwa mdomo hayana nguvu ya sheria. Wawepo mashahidi wa pande zote mbili.

Kina mama, hapa nawasemesha ninyi hasa. Sheria ya 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kama umechangia fedha za kiwanja, jina lako liwe katika hati. Jina linaloandikwa leo kwa amani huzuia mashauri mengi siku ya msiba.

Na kabla ya kujenga, ombeni kibali cha ujenzi katika Halmashauri. Nyumba iliyojengwa katika njia ya barabara, au karibu mno na reli, yaweza kuvunjwa hata kama ni nzuri.

SWALI LA TATU: HESABU INASEMAJE?

Sasa shikeni kalamu. Hesabu hii ni ya mfano wa darasani. Bei za kweli mtazipata mtaani kwenu. Tuseme mama mmoja ana kiwanja chake, na ameongeza vyumba viwili kando ya nyumba yake. Vyumba vyote viwili vimemgharimu Sh. 5,400,000/-. Kila kimoja anakipangisha kwa Sh. 30,000/- kwa mwezi.

Vyumba viwili kwa mwezi ni Sh. 60,000/-. Zidisha mara miezi 12. Tunapata Sh. 720,000/- kwa mwaka. Watu wengi huishia hapa. Huchukua 5,400,000, wakagawanya kwa 720,000, wakapata miaka saba na nusu. Wanasema, "Baada ya miaka saba na nusu fedha yangu imerudi." Tuendelee mbele kidogo.

Vyumba havijai siku zote. Mpangaji mmoja huhama, mwingine hajaja. Tuseme kila chumba kinakaa kitupu mwezi mmoja katika mwaka. Toa Sh. 60,000/-. Zimebaki Sh. 660,000/-.

Kuna kodi ya mapato yatokanayo na pango. Kiwango cha kodi ya zuio ya pango ni asilimia 10, yaani shilingi 10 katika kila shilingi 100. Toa Sh. 66,000/-. Zimebaki Sh. 594,000/-. Nendeni ofisi ya Mamlaka ya Mapato mkaelezwe jinsi ya kulipa.

Kuna matengenezo. Huku kwetu mvua si haba, na mchwa hawana likizo. Bati hupigwa na upepo, kitasa hufa, lipu hubanduka. Weka Sh. 100,000/- kwa mwaka. Zimebaki Sh. 494,000/-.

Mwisho kuna kodi ya majengo, kodi ya ardhi, na gharama ya kunyonya choo. Tuseme jumla yake ni Sh. 44,000/-. Zimebaki Sh. 450,000/-.

Sasa gawanyeni tena: 5,400,000 kwa 450,000. Jibu ni 12. Fedha ya mama huyu itarudi baada ya miaka 12, wala si saba na nusu. Je, hiyo ni hasara? La. Baada ya miaka 12 bado ana vyumba, bado ana kiwanja, na pengine pango limepanda. Lakini aliyeahidiwa miaka saba na nusu atakata tamaa njiani, auze kwa bei ya kutupa. Aliyejua tangu mwanzo kwamba ni miaka 12 atavumilia. Hii ndiyo faida ya hesabu ya kweli: humpa mtu uvumilivu.

Sasa mkopo. Huenda mtu atauliza, "Je, nikikopa nijenge upesi?" Tupige hesabu. Tuseme amekopa Sh. 5,400,000/- zote, na riba ni shilingi 18 kwa kila 100 kwa mwaka. Riba ya mwaka wa kwanza ni Sh. 972,000/-. Pango lote la vyumba viwili, kabla ya kutoa chochote, ni Sh. 720,000/-. Yaani pango lote halitoshi kulipa riba, sembuse deni lenyewe. Na kama nyumba unayokaa ndiyo iliyowekwa rehani, umehatarisha dari lililo juu ya watoto wako. Mkopo mdogo wa kumalizia, kutoka kikundi cha kuweka na kukopa unachokijua, waweza kufaa. Mkopo wa kuanzia na kumalizia kila kitu, anayeanza auogope.

SWALI LA NNE: TUANZE NA VYUMBA VINGAPI?

Tuchukue fedha ile ile, Sh. 5,400,000/-, tuwape watu wawili. Wa kwanza anajenga vyumba viwili mpaka mwisho: paa, mlango, dirisha, sakafu na choo. Wa pili anataka nyumba kubwa. Anaanza vyumba sita, na fedha inamwishia penye lenta.

Miaka mitatu inapita. Wa kwanza amepata Sh. 450,000/- mara tatu, yaani Sh. 1,350,000/-. Wa pili ana boma lililoota majani, na mvua imeanza kula matofali ya juu. Boma lisilo paa halina mpangaji.

Kwa hiyo kanuni ya anayeanza ni hii: maliza kidogo kabla ya kuanza kingi. Chora ramani ya nyumba kubwa ukitaka, lakini jenga upande mmoja na uumalize. Ukiweka pango lote la wale wapangaji wawili kwa miaka sita, utakuwa na Sh. 2,700,000/-, ambayo katika hesabu yetu ni gharama ya chumba cha tatu. Bei za saruji na mabati hazisimami, kwa hiyo itabidi uongeze kidogo kutoka shambani. Lakini kazi kubwa imefanywa na vyumba vyenyewe. Haba na haba hujaza kibaba.

Na wako wengine wasiohitaji kujenga kabisa. Kama nyumba yako ina chumba kinachotunza magunia matupu na baiskeli mbovu, hicho ndicho chumba chako cha kwanza. Kipake chokaa, tia kitasa kizuri, rekebisha dirisha. Utajifunza kazi ya mwenye nyumba kwa gharama ndogo.

SWALI LA TANO: TUTAKAAJE NA MPANGAJI?

Mpangaji mwema anayekaa miaka minne ana faida kuliko pango kubwa la mtu anayehama kila baada ya miezi mitatu. Kumbukeni ile Sh. 60,000/- tuliyoitoa kwa miezi mitupu. Kila mpangaji anapohama, mwezi mtupu umebisha hodi.

Andikeni mkataba, hata wa ukurasa mmoja. Uwe na majina, kiasi cha pango, siku ya kulipa, muda wa kupanga, nani analipa umeme na maji, na muda wa kupeana taarifa mtu akitaka kuhama au kuhamishwa. Kila mmoja abaki na nakala. Na kila fedha inapopokelewa, toa stakabadhi.

Wenye nyumba wengi hudai pango la miezi sita au la mwaka mzima kwa mara moja. Hapo pana mitego miwili. Mtego wa kwanza: mwalimu au muuguzi anayeanza kazi hawezi kupata fedha hiyo, na unampoteza mpangaji mwema. Mtego wa pili ni wako mwenyewe. Fedha ya mwaka ikija siku moja huonekana nyingi, ikaliwa katika harusi moja, na miezi 11 iliyobaki huna fedha hata ya kununua bati. Ukipokea pango la mwaka, ligawe kwa 12, na utumie fungu moja tu kila mwezi.

Kuna jambo moja dogo linaloleta ugomvi mkubwa. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa katika ununuzi wa umeme wa LUKU. Kama mpangaji ndiye anayenunua umeme, yeye ndiye anayekatwa, na hali kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Basi mpunguzie kiasi hicho katika pango lake. Ni fedha kidogo, lakini hujenga imani.

Akichelewa kulipa, usimtolee vyombo nje, wala usimfungie mlango. Mpe taarifa kwa maandishi. Mkishindwa kuelewana, Baraza la Kata linaweza kuwasuluhisha. Shauri likizidi, hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye mkataba na stakabadhi hana haja ya kupaza sauti huko.

Na wewe timiza wajibu wako. Paa likivuja, liezeke wiki hiyo hiyo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mpangaji anayelipa pango huku akikinga maji kwa sufuria usiku ananyonywa, na neno hilo lina uzito katika nchi yetu.

DAFTARI LA NYUMBA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni daftari moja kwa ajili ya nyumba tu. Chora safu nne: tarehe, fedha iliyoingia, fedha iliyotoka, sababu. Mwisho wa kila mwezi jumlisha. Daftari hilo litakuonyesha kama nyumba inakulisha au wewe ndiwe unayeilisha. Nalo litawasaidia watoto wako siku ambayo wewe hutakuwapo kueleza. Pamoja na wosia ulioandikwa na kushuhudiwa, daftari laweza kuokoa undugu.

KAZI YA DARASA

Sasa zimeni redio, mjibu maswali haya pamoja na mwalimu wenu.

1. Katika mtaa wenu ni watu gani wanaopanga vyumba? Ni kazi gani imewaleta?

2. Chumba kimoja kinapangishwa kwa Sh. 25,000/- kwa mwezi, na kilikaa kitupu miezi miwili. Je, pango la mwaka huo ni kiasi gani kabla ya kutoa gharama?

3. Kwa nini muhuri wa mwenyekiti wa kijiji hautoshi katika kununua ardhi ya kijiji?

4. Andikeni mkataba mfupi wa pango kwa mistari minane. Kila mmoja ausome kwa sauti mbele ya wenziwe.

Jibu la swali la pili ni Sh. 250,000/-. Aliyepata 300,000 amesahau miezi mitupu. Arudie, maana ndiyo hesabu ambayo nyumba yenyewe itamfanyia.